Homoni Yangu ya Kushiba

Jumapili, 15 Machi 1998

Crystal, Minnesota. Baridi ya kukata masikio.

Leo baada ya ibada Mama Griffins amenishika mkono wa juu, akaubonyeza kama anayechagua parachichi, akasema pole sana Gasto. Pole ya nini? Hakusema. Akaenda kumnong'oneza mwenzake wa kwaya, wote wawili wakanitazama mkanda. Mkanda nimeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mwanamke yule haoni namba za nyimbo bila miwani, lakini tundu langu kaliona!

Najua wanachosema. Mwanamume mzima, hana mke, yuko Amerika, na anakonda tangu Krismasi. Basi kakanyaga miwaya, ana UKIMWI. Wapumbavu. Mimi na Imaculata tulipima damu wote wawili mwezi uliopita, yeye ndiye aliyetaka, na majibu yakatoka safi. Nilitamani kuyabandika mlangoni pa kanisa.

Ninachoumwa ni sukari. Daktari aliniambia Februari, akanipa vidonge na mahubiri marefu kuhusu mchicha. Vidonge vimo ndani ya soksi, kabatini. Sivimezi. Nikivimeza nitakuwa mgonjwa wa sukari, na kila mtu kwetu Moshi anajua sukari inamfanyia nini mwanamume chumbani. Mjomba alipata sukari, mkewe akahamia chumba cha watoto. Nani atamwoza dada yake kwa mtu wa namna hiyo?

Kwa hiyo nikisema, nimekwisha kama mume. Nisiposema, wananizika nikiwa hai. Hongera Gasto.

Imaculata ni nesi, mtu wa Bukoba, anakaa Woodbury kwenye nyumba mpya inayonukia rangi bado. Nampenda. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Leo kaniuliza kwenye maegesho, taratibu, huku anakwangua barafu kwenye kioo cha gari: kama damu ni safi, unakonda kwa nini? Nimeahidi kumjibu Jumamosi. Jibu sina.

Cyrus alikuwa pembeni anamsaidia kukwangua. Mkenya, anauza dawa kwenye famasia, ana kitambi cha heshima na gari lenye joto. Siku zote yuko pembeni huyu.

Kuanzia kesho navaa sweta tatu.


Jumatano, 18 Machi

Nilidhani Mungu kanikumbuka. Kwenye kituo cha basi karibu na chuo kikuu kuna tangazo: wanatafutwa watu wanene wenye sukari, kwa ajili ya utafiti wa dawa mpya. Nikajiambia, hapa ndipo. Natibiwa kimya kimya, Jumamosi nafika Woodbury nimepona. Mimi si mnene tena, lakini kwa sweta tatu nani atajua?

Wakanivua sweta. Zote.

Kuna msichana wa Kikenya pale, Jeptoo, mwanafunzi wa lishe, kazi yake kuwapelekea chakula hao wanaofanyiwa utafiti na kupima wamebakiza kiasi gani. Mpole. Alinieleza kwa Kiswahili. Kumbe utumbo si bomba tu la kupitishia ugali. Ukila, utumbo unatoa homoni, inaingia kwenye damu kama tarishi. Inapita kwenye kongosho na kuliambia toa insulini, sukari inakuja. Inaliambia tumbo lisiharakishe kumwaga chakula. Inapanda mpaka kwenye ubongo na kusema yatosha, weka kijiko chini. Kwa mwenye sukari tarishi huyo ni dhaifu, au anapiga hodi na hasikilizwi. Wao wanamtia mtu homoni hiyo kwa dripu asubuhi, mchana wanamwekea meza ya chakula, wanaona atakula kiasi gani. Siku nyingine wanamtia maji ya chumvi tu, na mwenyewe hajui ni lipi. Jina la homoni ni herufi na namba, kama kibao cha gari.

Nikasema nitieni. Sasa hivi.

Daktari akanichoma kidole kwanza. Akatazama kimashine, akanitazama mimi, akaacha kutabasamu. Akasema hawawezi kunichukua, sukari iko juu mno, niende kutibiwa leo hii hii, na akauliza kama natumia vidonge nilivyopewa. Nikajifanya sielewi Kiingereza. Jeptoo akarudia kwa Kiswahili. Nikajifanya sielewi Kiswahili cha Kenya.

Nimerudi na basi nikiwa nimenuna. Lakini tulipofika daraja la mto, wazo likanijia, zuri mpaka nikacheka peke yangu na mama mmoja akahamia kiti cha mbele. Mtu akiwa na homoni ya kushiba, si anakonda? Na si ugonjwa, ni sayansi!


Jumamosi, 21 Machi

Nimemjibu Imaculata. Nimemwambia niko kwenye utafiti wa chuo kikuu, natiwa homoni ya utumbo, ndiyo inayonikondesha. Nikamweleza kongosho na tarishi, kila kitu, vizuri kuliko Jeptoo. Nikasema sikumwambia mapema kwa sababu ni siri ya kisayansi.

Alisikiliza amekunja mikono. Akauliza wamtie mtu asiye mnene homoni ya kukondesha kwa nini. Nikasema wanahitaji wa kulinganisha. Akauliza kama walinipima sukari kabla. Swali hilo aliuliza polepole mno, akiniangalia machoni, na sekunde ile niliona mlango umefunguliwa kabisa, kazi yangu ni kupita tu.

Nikasema sukari safi.

Akasema baba yake alikuwa na sukari. Aliwaambia ni vidonda vya tumbo, akaendelea kuwaambia hivyo mpaka siku ya kukatwa mguu. Nikasema pole sana, wazee wa zamani hawakuwa na elimu.

Lakini habari ni hii: kaka yake, Alfred, anayeendesha lori kutoka Des Moines, anakuja Jumapili ijayo. Chakula cha mchana Woodbury. Nimealikwa niseme shida yangu mbele ya kaka! Posa hiyo, kwa jina lingine lolote. Nimeimba njia nzima.

Nilimwuliza kama Jeptoo wa chuoni anamfahamu. Hamfahamu. Na hata wangejuana, kazi ya Jeptoo inamfunga mdomo, haruhusiwi kutaja mgonjwa. Nchi nzuri sana hii.


Jumapili, 22 Machi

Mimi ni mtu maarufu! Habari imetangulia kanisani. Mama Griffins, yule yule, amenishika mkono ule ule na kuniomba nimwandikishe kwenye homoni, anataka kuvaa gauni lake la Nairobi kabla ya Pasaka. Nimesema nitaona. Wengine wamenifuata mpaka chooni. Miaka mingapi nimekaa kiti cha nyuma? Leo wamenipa kiti karibu na mhubiri.

Cyrus akaharibu. Mbele za watu, na lile tabasamu lake la famasia, akasema yeye amesoma kuhusu hiyo kitu. "Lakini bro, hiyo homoni inavunjika kwa damu dakika chache tu. Sasa inakukondesha aje mwezi mzima?"

Nikasema ya kwangu ni toleo jipya. Akasema aah. Akaniuliza pia kama nakunywa maji mengi siku hizi, maana midomo yangu imekauka. Nikasema ni baridi. Nilimwona anataka kuongeza neno, nikamgeuzia mgongo. Mbea mkubwa.


Ijumaa, 27 Machi

Hali ya hewa imenisaliti. Joto limekuja mapema, theluji yote maji, Wazungu wamevaa kaptula. Mimi bado sweta tatu. Kazini kule Anoka wananiita mchungaji wa kondoo.

Kiu. Sijapata kuona kiu ya namna hii. Nakunywa soda, ile glasi kubwa ya kituo cha mafuta, namaliza, nakunywa nyingine, naenda chooni, naanza upya. Kazini tunatunza wazee, na mzee mmoja kalalamika kwa msimamizi kwamba mhudumu wake anakwenda haja kuliko yeye. Na njaa! Nakula kama nimetoka jela na bado suruali inaanguka. Maurice, Mkongomani tunayekaa naye nyumba moja, kasema mimi ni gari bovu: mafuta yanaingia, yanamwagika yote barabarani. Nikamwambia ashughulike na wali wake.

Leo namba ya basi sikuiona mpaka lilipofika puani. Ni jasho la sweta linaingia machoni.

Kitu kimoja kinanisumbua. Keshokutwa ni chakula, na mimi nimetangaza nina homoni ya kushiba. Mtu wa homoni hali chakula. Mpango: nile nyumbani asubuhi, nishibe hasa, Woodbury niguse guse tu kwa uma. Rahisi.

Kuongeza mwili mbele ya Alfred, nitafunga taulo tumboni chini ya shati.


Jumatatu, 30 Machi

Naandika kitandani hospitalini. Mkono una sindano. Jana sikuweza kuandika, na leo ningependa kutoandika.

Kwanza Cyrus. Mabasi ya Woodbury Jumapili hakuna, Imaculata akamtuma anichukue. Akafika mapema kuliko nilivyotazamia, sijatia hata kipande cha mkate kinywani. Akasimama mlangoni anapunga punga funguo. Nikaenda na njaa yangu.

Alfred ni jitu. Mkono wake umemeza wangu. Alikuwa ametenga mkaa na jiko la kuchomea nyama mbele ya nyumba, anangoja tumalize kula mezani ndipo awashe kwa ajili ya wageni wa jioni. Imaculata alikuwa kapika tangu jana yake. Ndizi na nyama. Pilau. Kuku wa nazi. Bakuli ndogo pembeni imefunikwa peke yake. Chapati laini zimefunikwa kitambaa. Nilipoona kile kitambaa kinafunuliwa nusura nilie.

Alfred akasema karibu mgeni, wewe anza. Cyrus akaniangalia. Ningeweza kula! Kidogo tu, ningesema homoni leo imelegea. Lakini yule alikuwa ananiangalia, na nilijua anahesabu moyoni, kijiko cha kwanza tu atasema aah. Nikasema ahsante shemeji, nimeshiba. Homoni.

Imaculata akapakua hata hivyo, kidogo, akaniwekea mbele. Nikasukuma sahani. Nikaanza kueleza kongosho.

Alfred akaweka chapati yake chini. "Kwetu mtu akija kuomba mke, anakula," akasema. Hakupandisha sauti.

Nikasema ningekula ila sayansi. Nikaomba soda, soda si chakula. Nikanywa, nikaomba nyingine, nikanywa, wao wanatafuna na mimi nanywa, chupa zikajipanga mbele yangu kama mashahidi. Imaculata aliacha kula. Alikuwa anazihesabu hizo chupa, anatazama mdomo wangu, anatazama chupa. Uso wake sikuupenda.

Nikasema naenda chooni. Kweli nilikwenda. Lakini mlango wa pili baada ya choo ni wa gereji, na watu wa huku wakati wa baridi gereji ndiyo jokofu, sufuria zote kubwa zinakaa rafuni kule. Nilijua. Sikupanga, miguu ilipanga.

Sufuria la pilau lilikuwa vuguvugu bado. Nikavua sweta mbili ili mkono uzame vizuri. Nilikula. Nisamehe Mungu, nilikula kwa mikono miwili. Taulo likalegea likanishukia magotini, nikaliacha. Sikumbuki chakula kitamu kama kile maishani mwangu.

Kumbe Alfred ameamua awashe mkaa mapema, ameudhika, anataka hewa, na wenzake wamemfuata nje. Na mafuta ya kuwashia mkaa yamo gerejini. Akabonyeza kidude cha mlango.

Mlango wa gereji Amerika haufunguki mara moja. Unapanda polepole, na kelele. Waliona kwanza viatu vyangu. Kisha taulo. Kisha suruali nimeishika kwa kiwiko. Kisha sufuria. Wote walikuwa nje pale, Alfred, Imaculata, Cyrus, na Mama Griffins aliyekuwa ndio kwanza anashuka garini na sahani ya sambusa, na jua lote la Woodbury likaniingia machoni nikiwa na ngumi ya pilau mdomoni.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali.

Nikataka kusema kitu kuhusu homoni. Sakafu ikapinduka. Kinachofuata sikijui, ila sauti ya Cyrus inaita jina langu, na mkono wa Imaculata unapima mapigo shingoni.


Jumanne, 31 Machi

Nesi wa hapa kaniambia kimashine cha sukari hakikutoa namba, kiliandika neno tu kwamba iko juu kupita uwezo wake. Ningechelewa kidogo ningekufa. Nimewekewa dripu. Hatimaye nimepata dripu yangu, na ni ya insulini.

Imaculata alikuja mchana, na nguo za kazi. Nilikuwa nimeandaa maelezo: kwamba homoni ya chuo ndiyo imenipandishia sukari, kwamba tuwashitaki. Nikaanza. Akainua mkono nikanyamaza.

Akakaa. Akashika vidole vya miguu yangu juu ya shuka, kimoja kimoja, akauliza kama nasikia. Nasikia, nikasema. Akashusha pumzi. Nilidhani tumepatana.

"Ungeniambia sukari," akasema, "ningekupikia bila sukari maisha yangu yote na nisingechoka. Nimekuuliza, Gasto. Nilikuuliza kwa jina lake."

Nikasema niliogopa ataniona si mwanamume. Naapa hilo nilisema, ni kweli tupu, na lilinitoka bila kupanga. Akanitazama, macho yamemjaa machozi.

Akasema ugonjwa anauweza. Ndiyo kazi yake, na ndiyo maisha aliyokulia. Asichokiweza ni kukaa tena na mwanamume anayemdanganya mezani huku mguu unaoza. Akanifunika shuka vizuri. Akaondoka.

Nimelia. Mzee wa kitanda cha pili akaongeza sauti ya televisheni, kwa heshima nadhani.


Alhamisi, 2 Aprili

Mgeni wa kwanza tangu Jumanne. Nani? Cyrus! Kaleta mchicha na samaki wa kuchoma, bila wanga, kavipanga vizuri kwenye kibakuli. Nikasema sina njaa. Mazoea.

Akakaa. Kabla ya kufungua kibakuli chake mwenyewe akatoa mfukoni kikoba, akatoa kimashine, akajichoma kidole. Hapo hapo, mbele yangu, anaongea habari za hali ya hewa! Nikauliza hiyo ni nini. Akasema sukari. Anayo tangu yuko Eldoret. Midomo yangu na kiu yangu aliijua siku ya kwanza, alitaka kuniambia kando, nikamgeuzia mgongo. Akasema na yeye ile homoni anaisoma kwa sababu inamhusu, utumbo wake ni kama wangu tu.

Nikauliza kama Imaculata anajua.

"Nilimwambia siku ya kwanza, alinipa keki kanisani," akasema. "Tangu hiyo siku ananiwekea chakula kando."

Kando! Ile bakuli ndogo iliyofunikwa pembeni Jumapili ile. Niliiona. Nilidhani ni ya paka.

Nimelitafakari jambo hili mpaka saa ya vidonge, na sasa naona picha yote. Mjanja kuliko wote. Mimi nahangaika kuficha ugonjwa, mwenzangu anautembeza kama cheti cha shahada. Alijua huyo mwanamke ni nesi, alijua habari za baba yake, akampelekea sukari mlangoni kama ua! Nimepigwa bao, na mpira wenyewe ulikuwa wangu.


Jumapili, 26 Aprili

Kanisani wametangaza uchumba. Cyrus na Imaculata. Alfred alisimama kando yao, mkono wake bega la Cyrus, na yule kitambi anacheka. Imaculata kavaa rangi ya maziwa. Aliponiona aliniinamishia kichwa, kwa upole, kama ninavyowafanyia wazee wa Anoka. Nimekaa kiti cha nyuma. Mama Griffins kanishika mkono, kauliza homoni vipi. Nikafungua kitabu cha nyimbo.

Inauma. Basi.

Insulini natumia, sitaki kurudi kwenye kile kitanda. Nimeificha jokofuni ndani ya kopo la siagi, Maurice asiione. Nimemwambia nilikuwa hospitalini kwa malaria. Akauliza malaria gani Minnesota, mwezi wa tatu. Nikamwambia ya zamani.

Lakini somo nimelipata, na litanifaa. Wanawake wa huku hawataki mtu mzima wa afya. Wanataka mgonjwa. Kosa langu halikuwa kuumwa, ni kuchagua ugonjwa usio na heshima na kuuficha, badala ya kuchukua mzuri na kuutangaza.

Kazini kuna dada mpya, Faridah, wa Tanga, sauti laini, macho hayo. Ijumaa aliniuliza nilipotelea wapi. Nikashika kifua. Nikamwambia moyo. Mbovu, wa kuzaliwa nao, madaktari wamekata tamaa ila mimi namshukuru Mungu. Sukari sikuitaja, kwa nini nijiharibie?

Machozi yalimlengalenga! Leo mchana kapita hapa Crystal na sahani ya visheti, kapika mwenyewe, vinang'aa kwa shira, akakaa aone navila. Nimekula vyote. Mwenye moyo mbovu hana sababu yoyote ya kukataa visheti.

Kiu tu kidogo.